Rama Ni Watu Watatu, na Mimi Si Mmoja Wao

Mpendwa Shangazi Ngendo,

Naomba unisaidie kabla Ijumaa haijafika. Mimi ni karani katika duka la chakula cha mifugo hapa Thika, naishi Mwihoko, na bosi alipoleta kompyuta yenye imeli mwaka huu wa 1999 aliniruhusu kuitumia saa ya chakula cha mchana, ndipo nikajiunga na kikundi cha watu wanaofanya maswali ya fizikia kwa imeli, wengine wako Kisumu, wengine Ghana, wengine hadi India, swali likitumwa kila mtu anatuma jibu na njia aliyopitia, na sheria yao ni moja tu, kila mtu atoe jasho lake mwenyewe. Sasa Shangazi, mimi fizikia sijui. Niliingia kwa ajili ya Gathoni, binti wa jirani kwenye ploti yetu, anayerudia mtihani wa kidato cha nne kwa sababu fizikia ndiyo ilimwangusha, nikawa namletea maswali, naye akawa anayafanya uani Jumapili mke wangu Sumeya akifua nguo, Sumeya akaanza kumchorea michoro, halafu fundi Ndambuki wa mlango wa pili akaanza kubisha majibu yao, na huyo hukosea karibu kila mara, lakini akibisha ndipo wenzake wanafikiri.

Mwezi jana swali lilikuwa hivi: sufuria inaelea ndani ya beseni la maji, imebeba jiwe, ukilitoa jiwe ukalitumbukiza majini, maji ya beseni yatapanda au yatashuka? Ndambuki akasema, "Itapanda, bwana! Jiwe si imeingia kwa maji?" Gathoni akasema, "Aai, wacha maneno, leteni beseni!" Sumeya akatoa nguo ndani ya beseni, wakaweka sufuria yenye jiwe ielee, wakatia alama ya kalamu pale maji yalipofika, jiwe likaingia majini na maji yakashuka, Shangazi, yakashuka mbele ya macho yetu, kwa sababu jiwe likiwa ndani ya sufuria linasukuma maji yenye uzito sawa na wake, lakini likizama linasukuma maji ya kujaza nafasi yake tu, na jiwe ni zito kuliko maji. Nilipiga kelele kama timu yangu imefunga bao. Kuna mahali Gathoni alikuwa ameandika kinyume, nikarekebisha wakati wa kutaipu, nikatuma.

Shida ni kwamba imeli ina jina langu peke yangu. Kule wanamsifu "Ndugu Rama", wanashangaa kichwa kimoja kinawezaje kufikiri kwa njia nyingi hivyo, na sasa wanataka awe mmoja wa watungaji wa maswali, na Ijumaa awaeleze jinsi anavyofanya kazi. Nikikubali nimedanganya, nikisema ukweli watatufukuza, na mtihani wa Gathoni ni Novemba. Nifanye nini?

Rama asiye Rama,
Mwihoko

Rama,

Pokea pongezi zangu, ila usizizoee, nyuma yake kuna kiboko. Wanaume wakiniandikia kuhusu binti wa jirani, huwa si mambo ya fizikia. Wewe umempa mtoto wa watu saa yako ya chakula, na mkeo akamwachia beseni lake. Nimefurahi mpaka nikamsomea mhariri.

Lakini sifa umezila, bwana. Je, Gathoni anajua kwamba kuna watu Ghana wanaoshangilia kazi yake? Barua yako haisemi, na naogopa hajui. Msichana aliyeambiwa na mtihani kwamba hawezi, anasifiwa ng'ambo, na wewe umeziweka hizo sifa mfukoni! Hapo umekosea, na umekosea sana.

Sasa sikia. Leo ukitoka kazini, beba zile imeli zote za sifa uwasomee pale uani, Ndambuki naye awepo hata akibisha. Kesho kiandikie kikundi useme nani alichora, nani alibisha, nani alipata jibu. Sheria yao inataka jasho, na jasho lipo, kilichokosekana ni majina. Omba Gathoni aandikishwe kwa jina lake, na umwombe bosi amruhusu kukaa kwenye hiyo kompyuta mara moja kwa wiki. Wakikasirika, waambie wakufute wewe wamwache yeye. Wakimfuta naye, basi beseni bado ni lenu na Jumapili bado ipo, mtoto atafika Novemba.

Jambo la mwisho. Fizikia niliikimbia kidato cha pili, na hakuna mwalimu aliyewahi kunifanya nielewe habari za vitu kuelea. Wewe umenielewesha lile jiwe kwa sentensi moja. Tena ulisahihisha kosa la Gathoni kabla ya kutuma, na asiyejua fizikia hawezi kuliona kosa kama hilo. Kwa hivyo andika majina manne. Lako liwe la mwisho, lakini liwepo.

Shangazi Ngendo