Mvua Aliyoijua Ubah

Mjukuu wangu Hodan,

Assalamu alaikum. Hapa Ijara tunapumua, alhamdulillahi. Mama yako bado anakohoa, na ng'ombe wamepelekwa mbali kutafuta majani.

Umeniuliza, kwa ajili ya masomo yako ya chuo, mtoto mdogo hujuaje maana ya neno. Mimi sikusoma, lakini nilikuwa na mdogo wangu, Ubah. Alizaliwa wakati wa ukame, akajua kusema kabla hajaona hata tone. Neno "mvua" alilisikia kwenye dua tu, kwa hiyo kwake mvua ilikuwa kuinua mikono. Ukilitaja, yeye huyo, viganja juu. Tulikuwa tukicheka.

Kisha ikanyesha siku tatu mfululizo, na baridi yake ikawaua mbuzi wetu waliokuwa wamebaki mifupa. Mama alikaa matopeni akilia. Ubah aliniuliza ni nini hiki. Nikamwambia, "Hii ndiyo mvua." Ni mimi niliyemwambia.

Mvua ikakatika, ukame ukarudi, dua zikaanza upya. Wazee wakiinua mikono, Ubah alipita kwa kila mmoja akiivuta ishuke. Walimkemea, nami sikumtetea. Alifariki kabla ya mvua nyingine, ile ya majani na maziwa.

Sijui kama nimekujibu. Jana tuliomba mvua hapa uwanjani. Niliinua mikono pamoja na wenzangu, lakini haikukaa juu.

Ni mimi bibi yako, ayeeyo wako