Khanga za Butoyi

Tabora, 10 Februari 2025

Wifi yangu Providence,

Huku tu wazima, na kaka yako Jean Bosco anakula kama mwanafunzi wa bweni. Nyie Ilembo mnaendeleaje? Mvua imewaachia barabara?

Nina mteja wa huko kwenu, Immaculata Bukuru wa Litapunga. Alivushwa kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa na miaka sita. Wenzake walipopewa uraia, yeye alikuwa Kigoma akimuuguza mumewe, jina likabaki nje. Sasa anaomba. Tatizo ni kwamba amehojiwa mara mbili: kwanza alisema katika safari hiyo walikuwa watatu, kisha akasema wawili. Ofisi ya uhamiaji inahisi ameazima hadithi ya mtu. Mahojiano ya mwisho ni Mei. Akikataliwa hapo, hana nchi yoyote ya kuiita yake.

Mimi ni wakili tu, wewe ndiye mwanasaikolojia. Mpime, uniandikie kwamba kumbukumbu yake imeharibika kwa aliyoyapitia. Mambo ya mteja siyaweki WhatsApp, ndiyo maana naiweka barua hii kwenye basi.

Wifi yako,
Romana

Ilembo, Mpanda, 24 Februari 2025

Wifi Romana,

Mimi mzima, ila mahindi yangu yamelazwa na upepo. Mwambie kaka akubakizie chakula.

Immaculata amekuja mara mbili. Kumbukumbu yake ni nzima kuliko yangu. Anamtaja kila jirani wa Litapunga na mbuzi wake. Siwezi kuandika kwamba ameharibika. Ila nikiigusa safari ya kuvuka, anafunga mdomo na kuanza kukunja ncha ya khanga yake, anaikunjua, anaikunja tena.

Faili umelisoma, wifi, lakini jina lake hukulisoma. Wewe ni Mpimbwe, nakusamehe. Kwetu Warundi, Bukuru ni pacha aliyetangulia kuzaliwa, na anayefuata huitwa Butoyi. Nilimuuliza kwa Kirundi Butoyi yuko wapi. Aliiacha chai ikapoa, halafu akaniambia. Kisha akanikataza kuliandika jambo hilo popote, kwa hiyo hata kwako siliandiki.

Natembea nalo wiki nzima sasa. Nilisomea kusikiliza. Nikishasikia niweke wapi, hilo hatukufundishwa.

Wifi yako,
Providence

Tabora, 3 Machi 2025

Providence,

Natumaini u mzima. Una kitu kinachoweza kumwokoa mteja wangu na umekikalia. Kiandike, atatushukuru baadaye. Kama huwezi, basi andika ugonjwa. Nitaingia pale na nini, na ukimya wako?

Sijui kama namwandikia wifi yangu au mtu baki.

Romana

Ilembo, 5 Aprili 2025

Wifi,

Bado nakuita hivyo. U hali gani? Barua yako iliniuma kwa sababu nusu yake ni kweli, na nilihitaji muda kujua ni nusu ipi.

Kila Jumamosi nimekuwa Litapunga, namsaidia Immaculata kufukuza ndege kwenye mpunga. Hatuzungumzii kesi. Wiki iliyopita alinifungulia sanduku lake. Tangu aolewe, kila doti ya khanga anayopata anavaa kipande kimoja, cha pili anakikunja na kukiweka. Kwetu mapacha hupewa sawasawa, hakuna wa kupunjwa. Nilimuuliza kama naweza kukuambia, akacheka: "Hilo mwambie tu, majirani wote wanajua. Wanadhani mimi bahili."

Ripoti ndiyo hiyo ndani ya bahasha. Inasema akili yake ni nzima na sikuona uongo. Inasema swali la kuvuka likirushwa kutoka ng'ambo ya meza linamfunga kinywa, kwa hiyo aulizwe mara moja, taratibu, kwa Kirundi, na mtu anayemwamini awe karibu. Nilimuuliza kama hapo atasema. Akajibu, "Nikiulizwa vizuri."

Hayo ndiyo ya kwangu. Ya sheria ni yako.

Wifi yako,
Providence

Tabora, 19 Aprili 2025

Wifi yangu,

Nisamehe. Ripoti nimeisoma mara tatu, ya kwanza kwa hasira. Nimeomba yote uliyoyataja, na wamekubali, mkalimani pia.

Mimi sitakuja. Nina mimba ya miezi saba na daktari amenizuia safari. Kaka yako aliapa atakuambia mwenyewe, na nimechoka kumsubiri. Atasimama Shadrack wa ofisini kwetu. Wewe kaa karibu na mama Immaculata.

Wifi yako,
Romana

Ilembo, 23 Mei 2025

Wifi yangu na mama wa mtoto wetu,

Mgongo unaendeleaje? Mwambie Jean Bosco nina neno naye.

Jana tumehojiwa. Ofisa alikuwa mwanamke. Alikuwa ameisoma ripoti, kwa sababu alihamisha kiti chake, akaja kukaa upande wetu wa meza. Akauliza walikuwa wangapi, mkalimani akatafsiri pole pole. Immaculata aliikunja ncha ya khanga mara moja, akaiachia. Akajibu kwa Kiswahili, akimtazama.

"Wa kwanza aliniuliza tuliondoka wangapi. Tuliondoka watatu. Wa pili akaniuliza tulifika wangapi. Tulifika wawili. Mama alikuwa na mgongo mmoja, na mimi nilikuwa na homa."

Ofisa aliweka kalamu chini. Baadaye akauliza jina la aliyebaki, na Immaculata akalitaja. Nililiona likiandikwa: Butoyi.

Nje aliniambia ana njaa. Alikula wali na samaki, akaongeza sahani, huku akimtania Shadrack kwamba tai itamnyonga kabla hajaoa.

Wifi yako,
Providence

Tabora, 30 Agosti 2025

Shangazi wa Goreth,

Binti yako hajambo, amerithi ulaji wa baba yake. Kwamba Immaculata amekubaliwa unajua. Nasikia wewe ndiye uliyepiga vigelegele kuliko watu wote wa Litapunga. Nami nimetaka kuliandika kwa mkono wangu: amekubaliwa, wifi.

Kifurushi cha Immaculata kimefika. Khanga bado ina mikunjo ya dukani, na mistari yake haitoki hata kwa pasi. Nimesoma kikaratasi ulichoandika kwa niaba yake: vipande vya Butoyi vimetoka sandukuni, na hiki ni cha kumbebea mtoto.

Nimemfunga mgongoni asubuhi, akalala kabla sijamaliza fundo. Sasa ni saa nane mchana. Mgongo unauma, na bado sijamshusha.

Wifi yako,
Romana