Tundu la Juu Kaswida, Tundu la Chini Kwaya

Jumanne, 5 Desemba 2006
Dukani kwa mjomba, Kilole, tangu asubuhi, narekodi kaseti za kuuza. Deki ya kushoto kaseti za kwaya ya Dindira, deki ya kulia kaswida za madrasa. Kompyuta moja inalisha zote kupitia vikasha viwili vya sauti vya USB, vinafanana kama mapacha. Umeme ulikatika, ukarudi. Niliendelea.

Alhamisi, 7 Desemba
Ustadhi Athumani wa madrasa ya Old Korogwe amerudisha kaseti moja kati ya mbili alizonunua. Aliiweka mbele ya watoto, ikaimba Krismasi. Watoto waliipenda. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

"Mzee Salehe, huyu binti yako anatubatiza?"

Mjomba hakucheka. Yeye Mwislamu, mimi nimefuata kanisa la baba. Watu watasema nimekusudia. Ikitokea tena narudi Handeni kwa mama. Mjomba amesema hivyo mbele ya wateja.

Sitaki kurudi. Kule hakuna kompyuta. Shule imekwisha, na hiki ndicho kitu pekee ninachokiweza.

Jumamosi, 9 Desemba
Nimejua sababu. Umeme ukirudi, kompyuta inavipa vikasha anwani upya. Kilichoamka kwanza ni sifuri, kinachofuata ni moja. Programu inapeleka kwaya kwenye sifuri na kaswida kwenye moja. Jumanne vilipishana.

Nilimweleza mjomba, kwa sauti ndogo mno.

"Mashine haina dini," akasema. "Wewe unayo."

Imeniuma.

Jumatatu, 11 Desemba
Nimesoma maelezo yaliyokuja na mfumo wa kompyuta. Kumbe unaweza kuuwekea kanuni. Vikasha vyetu havina namba za kiwandani za kuvitofautisha, kwa hiyo kila kimoja kitambuliwe kwa tundu kilipochomekwa. Cha juu kiitwe kaswida, cha chini kiitwe kwaya, kiamke lini kiamke. Programu nayo ifuate jina, iache namba.

Nimeandika mistari miwili. Imekataa. Nimechoka.

Jumatano, 13 Desemba
Nilisahau kufunga alama moja ya nukuu. Sasa imekubali. Nimezima na kuwasha mpaka mjomba akauliza kama nachezea umeme wake.

Nimebandika karatasi: vikasha visihamishwe matundu.

Ijumaa, 15 Desemba
Mjomba alimwita Ustadhi baada ya swala. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama.

"Ustadhi, zima mwenyewe," nikasema. Nilishangaa kuisikia sauti yangu.

Akachomoa plagi ukutani. Akairudisha. Akarudia, tena na tena, kama anayemtega mtu. Kila mara deki ya kulia ilitoa kaswida. Kisha akakaa kwenye kiti cha wateja, akasikiliza kaseti nzima, pande zote mbili.

Mwisho akauliza za Idd zitakuwa tayari lini. Akaniuliza mimi.

Mjomba akamwambia, "Na ile nyingine ya kwaya iliyobaki kwako, turudishie."

"Watoto wameificha," akasema Ustadhi, akaondoka.

Jumapili, 17 Desemba
Kanisani, kisha nyumbani. Mjomba hajataja Handeni. Sikumuuliza. Nimefua nguo zangu zote, hata sketi ya shule. Mvua imeanza mchana. Leo hazikauki, wala kesho. Si kitu, sina safari.