Hatua Zako za Rede

Mama,

Shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia, huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike, lakini nikianza bila shikamoo utanikata jicho hata huko uliko. Wiki nzima nimehangaika na swali moja: kwenye mchezo wetu wa rede, ulikuwa unapima hatua ngapi kutoka mstari mmoja hadi mwingine? Jibu nimelipata, na nina ugomvi na wewe.

Ngoja nianze mwanzo. Mwanao Juma ameamua ua wetu hapa Ilala uwekwe nyasi bandia, uwe kiwanja kidogo cha mpira cha wajukuu zako. Anasema wakiendelea kucheza barabarani bodaboda zitawamaliza. Kwa hilo nilikubali. Lakini ule mchanga uliokuwa ukiufagia kila asubuhi, nilipoona unachotwa kwa koleo, niliingia ndani nikalia. Juma akanicheka eti naulilia mchanga.

Fundi wake, Selemani, ni mpole, maana nilimganda kama kupe. Walishindilia kifusi, wakamwaga kokoto ndogo, wakavuta kamba kupima mteremko ili maji ya mvua yaelekee mtaroni. Nyasi zenyewe zilikuja zimeviringishwa kama mikeka. Nikazigeuza nione mizizi. Mizizi gani! Chini kuna mpira mweusi wenye vitundu vya kupitisha maji.

"Na mistari mnapaka rangi gani?" nikamuuliza.

"Hatupaki, dada. Tunakata za kijani, tunabandika nyeupe. Gundi ikishakauka, imetoka hiyo. Ya mpira vipimo ninavyo. Kuna mchezo mwingine?"

"Rede," nikasema, hata kufikiri sijafikiri.

Akacheka. "Sawa, nipe vipimo. Jumamosi nabandika."

"Nani anacheza rede siku hizi?" Juma akadakia. "Piga ya mpira, tumalize."

Hapo ndipo nilipobanwa, mama. Nisipopata hesabu ya hatua zako kabla ya Jumamosi, mchezo wako unafutika kwenye ua wako mwenyewe.

Unakumbuka zile Jumapili? Wiki nzima umeshinda Mchikichini unauza viatu vya mitumba, Jumapili unachukua soksi zisizo na pea, unazishindilia moja ndani ya nyingine mpaka mpira unakuwa mgumu. Mama Nilesh, rafiki yako tangu shule ya msingi, anakuja kutoka Kariakoo, anajifunga mtandio kiunoni na wewe unajifunga kanga. Unahesabu hatua, unamwaga majivu ya jikoni huku na kule. Wawili wanarusha, mmoja yuko katikati anakwepa huku anajaza chupa mchanga. Mimi, mtoto wa miaka kumi, ndiye niliyekuwa mtu wa tatu. "Rusha kama mtu aliyekula!" ulikuwa ukinifokea, na majirani wanachungulia ukutani kuona watu wazima wamepatwa na nini.

Lakini hatua ngapi? Mimi nakumbuka nane. Juma akasema kumi na mbili. Nikatoa raba zako, zile tulizokataa kuzigawa, nikazivaa na kutembea nazo uani, kutoka pale nilipodhani ulimwaga majivu upande huu hadi upande ule. Nikapata tisa, ila miguu yangu ni mirefu kuliko yako. Ijumaa nikaona isiwe tabu, nikaenda dukani kwa Mama Nilesh, kwenye vifungo na zipu zake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda?"

Nikamuuliza. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Hatua ngapi? Mama yako alikuwa mwizi!" Anasema hivyo mbele za wateja, mama. "Akiwa anarusha yeye, hatua saba za kitoto, anipige vizuri. Ikifika zamu yake ya kukaa katikati, utasikia, 'Majivu yamefutika, ngoja nipime upya.' Kumi na mbili! Anaruka kama anavuka dimbwi! Nimelalamika miaka yote, hakukubali hata siku moja."

Halafu akawa anafuta miwani kwa ncha ya mtandio.

"Nilikuwa namwachia tu," akasema. "Ningembana akasusa, Jumapili ningeenda kwa nani?"

Mama! Wewe uliyenichapa kwa kulamba sukari bila ruhusa! Nilirudi nyumbani nacheka peke yangu njiani, watu wananitazama. Tangu ufe tumekusema kwa mema tu, mpaka nikaanza kukusahau ulivyokuwa hasa. Siku ile nilikukumbuka vibaya sana.

Nikamwambia Selemani abandike ya mpira tu. Ya rede tutatandaza kanga zako mbili zilizokunjwa, ziwe zinahama.

Kilichobaki kunitia wasiwasi ni chupa. Kwenye nyasi za plastiki tungeijaza nini? Basi Jumamosi, gundi imekauka, namwona Selemani anafungua viroba vya mchanga mkavu, anaumwaga juu ya nyasi na kuusugua uingie kwa fagio gumu.

"Huu ndio unaozishikilia," akaniambia. "Bila mchanga nyasi zinalala."

Nikapenyeza vidole, vikatoka na chembechembe. Nikakimbilia jikoni kutafuta chupa, nyuma nasikia, "Dada, msiutoe wote jamani!"

Jana Mama Nilesh alikuja, na magoti yake mabovu. Tulikuwa yeye, mimi na Zuhura binti wa Juma, somo yako aliyepewa jina lako, aliyezaliwa umeshaacha kuuza Mchikichini na magoti yako yamekwisha. Rede hajawahi kuiona, na hadithi ya dukani hajasimuliwa na mtu. Alirusha vizuri. Zamu yake ya kukaa katikati ilipofika, akaitazama kanga, akakunja uso.

"Hii imesogea," akasema. "Ngoja nipime upya."

Akaiokota, akaanza kuruka kama anavuka dimbwi. Alihesabu mpaka kumi na mbili. Nilimgeukia Mama Nilesh, nikijua sasa atapiga kelele.

Alikuwa amevua miwani. Akarudi nyuma taratibu mpaka kanga ilipowekwa, akamwachia.

Lala salama, mama.

Mwanao wa kwanza,
mtu wa tatu wa rede yako