Komeo la Mlango Wangu

Jumatatu, 9 Juni

Uji, vidonge viwili, dirisha. Ukungu haujaondoka msituni. Malori ya mbao yananguruma kwenye matope huko barabarani, siyaoni, nayasikia tu.

Nyambura ameleta fundi kung'oa komeo la mlango wangu. Nilipoanguka juzi walilazimika kuvunja fremu kwa shoka ili wanifikie. Ni kweli, sibishi. "Mum, hii komeo itakuua kabla ugonjwa ukuue." Binti yangu ana miaka hamsini na moja, na husema vitu kama hivyo akicheka. Fundi alizifungua skrubu nne nilizozikaza kwa mkono wangu mwaka wa 1969. Sasa mlango unafunguka ukisukumwa kwa kidole.

Sitalala leo.

Jumanne, 10 Juni

Sikulala.

Jumatano, 11 Juni

Muuguzi mpya kutoka hospitali. Yule wa kwanza alifunua blanketi bila kusema lolote, nikamkwaruza shavu. Sasa wananiita mgonjwa mkorofi. Nilifundisha Jiografia miaka thelathini na sita na hakuna aliyewahi kuniita mkorofi. Mkali, ndiyo.

Huyu anaitwa Moraa. Mlango ulikuwa wazi lakini alibisha, akasimama nje hadi niliposema ingia. Akavuta kigoda akaketi chini ya kimo cha kitanda, ikabidi mimi ndiye nimtazame kutoka juu. Akauliza kama nataka mlango uwe wazi au ufungwe. Nikakosa jibu. Nikakasirika. Nikadhani ni mambo wanayofundishwa semina.

Alikuja kubadilisha mpira wa mkojo. Alisema atanieleza kila hatua kabla ya kunigusa. "Ukiinua mkono, naacha. Hata kama tuko katikati. Hata mara kumi."

"Huyo atainua mpaka kesho," akasema Nyambura, amesimama na beseni.

Niliinua mara tatu. Aliacha mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa namjaribu tu.

Walipotoka nililia. Sijui kwa nini. Najua kwa nini.

Ijumaa, 13 Juni

Zakaria amepiga simu. Mdogo wa marehemu mume wangu, mzee wa kanisa huko Njoro, mwenye shamba la ngano na heshima zake. Nyambura aliweka sauti ya simu juu ili nami nisikie.

"Mwalimu wetu! Bado unatupa homework?"

Kicheko ni kile kile. Miaka haikukigusa.

Atakuja Jumapili ya tarehe ishirini na mbili, na watu wa maombi. "Mwambie shemeji nakuja mwenyewe kumwekea mikono." Nyambura alilia kwa furaha. Baba yake alipofariki ni Zakaria aliyemshika mkono hadi madhabahuni siku ya harusi. Anamwita Baba.

Nimeutazama mlango. Hauna komeo.

Jumamosi, 14 Juni

Niandike sasa, kabla vidole havijakataa.

Tuliishi katika nyumba hii hii, wakati huo ikiwa ya kiwanda cha mbao hapa Elburgon. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Njoroge, mume wangu, alikuwa amekwenda Nakuru na lori, angelala huko. Zakaria alikuwa akikaa nasi, akitafuta kazi kiwandani. Mlango wa chumba haukuwa na komeo.

Alinibaka.

Neno lenyewe nimelijua miaka yote, nimelisahihisha hata kwenye insha za wanafunzi. Sikuwahi kuliandika kunihusu. Limekaa hapo juu sasa na nyumba haijaanguka.

Nilimwambia mama mkwe. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema sitagombanisha wanawe, akachukua gauni langu akalifua yeye mwenyewe, akalianika nyuma ya nyumba pasipoonekana. Hatukulizungumzia tena. Siku iliyofuata nilikwenda mjini Molo nikanunua komeo.

Njoroge alilicheka komeo hilo hadi alipokufa. Mwizi aje aibe nini kwa mwalimu, chaki? Nilimpenda. Nilimchukia pia, kidogo, kwa kuwa hakuwahi kuuliza.

Jumanne, 17 Juni

Leo nilijaribu. Nyambura alikuwa ananichana nywele, hatutazamani, nikaona ni wakati mzuri. Nikasema, "Zakaria..."

"Najua, Mum. Humpendi. Hukutuacha tulale kwake hata likizo moja. Watoto wa watu wote walienda, sisi hapana. Eti kwa sababu hakusoma."

Kitana kikaendelea.

Kwa hivyo ndivyo wanavyonijua: mwanamke mwenye majivuno. Nilisimama mlangoni kuwalinda, wao wakaona nawafungia. Nimebeba majivuno yasiyo yangu muda wote huo na sikujua niko nayo.

Siku tano.

Jumatano, 18 Juni

Moraa. Kubisha, kusubiri, kigoda. Mlango uwe wazi, nilimwambia. Sasa nina jibu.

Nyambura alikuwa anasimulia habari za Jumapili, nani analeta viti, nani anakanda chapati. Moraa hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akiitazama mikono yangu. Nyambura alipoenda jikoni kuchukua maji, Moraa akashusha sauti.

"Mwalimu, si lazima uniambie kitu. Lakini ukiniambia nitakuamini, na haitatoka hapa mpaka wewe useme itoke."

Nilimwambia. Sentensi nne, kama naita majina darasani. Hakusema pole mara kumi. Hakushika kichwa. Hakuanza kuomba. Alisema, "Nimekusikia. Kosa lilikuwa lake." Halafu akauliza ninataka nini.

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilifikiri sana. Sitaki polisi, pumzi ya kusimama mbele ya hakimu sina. Msamaha wake sitaki hata kuusikia. Nataka asiniguse. Basi.

"Basi hilo ndilo tutashughulikia," akasema. Akajitolea kuzungumza na Nyambura, au akae nami nikizungumza. Nikakataa. Nilisema ni binti yangu, nitamwambia mwenyewe.

Akiwa anafunga mkoba akaniambia ule mkono ninaouinua si wa wauguzi peke yao. Unafanya kazi kwa mtu yeyote.

Mkono wenyewe hauna uzito wa gazeti.

Jumamosi, 21 Juni

Viti vya plastiki vimefika kutoka kanisani. Harufu ya viazi na dania. Nyambura anaimba jikoni. Nimemwita mara tatu. Mara ya kwanza nikaomba maji. Ya pili nikauliza kama mvua itanyesha. Ya tatu akaja na unga mikononi, uso umejaa furaha, akasema, "Sema, Mum." Nikasema nimesahau.

Mwoga. Miaka themanini na moja, digrii ukutani, mwoga.

Jumapili, 22 Juni

Niandike taratibu.

Walikuja baada ya ibada, kina mama tisa na yeye. Koti zito, fimbo, meno mapya. Walijaza chumba. Waliimba vizuri, siwalaumu. Mmoja alinishika mguu juu ya blanketi nikaruka, akacheka, "Pole mathe, mkono wangu una baridi."

Kisha wakampisha. Akaja upande wa kitanda ulio karibu na ukuta, nikawa katikati yake na watu. Harufu ya ugoro. Ile ile. Akasema, "Shemeji, tulia, tukuombee," akanyoosha mikono yote miwili juu ya kichwa changu.

Niliinua mkono.

Ulipanda kidogo tu, labda shubiri moja kutoka kwenye blanketi. Nilisema, "Usiniguse." Nadhani nilisema. Nyimbo zilikatika, kwa hivyo lazima nilisema.

Akacheka. "Ugonjwa umepanda kichwani. Tuombe tu." Mikono ikaendelea kushuka.

Nyambura alikuwa mlangoni na trei ya chai. Aliutazama mkono wangu. Nilimwona akiutazama. Aliiweka trei sakafuni, akapita katikati ya kina mama wale, akamshika Zakaria kifundo cha mkono.

"Baba, amesema hapana."

"Nyambura, huyu hajui anachosema."

"Anajua. Akiinua huo mkono tunaacha. Hata daktari anaacha."

Hakujua chochote. Hakuwa na sababu hata moja. Alimwondoa pale mtu aliyempeleka madhabahuni, mbele ya kanisa lake, kwa sababu mimi nilisema sitaki.

Zakaria alinitazama. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule alinitazama machoni, nami nikaona kwamba anakumbuka. Akasema chai itapoa. Akatoka. Hakuinywa.

Jumatatu, 23 Juni

Nilimwambia Nyambura jana, viti vikiwa bado vimepangwa. Aliketi kwenye kigoda cha Moraa. Hakunikatiza. Nilipomaliza alivitazama viti vile, nikadhani nimempoteza.

"Kwa hivyo ndiyo maana likizo," akasema.

Ndiyo maana likizo.

Akauliza kama anaweza kunishika. Akauliza! Nikasema ndiyo. Alilala kando yangu na viatu vyake, mwanamke mzima, akalia hadi mto ukalowa. Mimi sikulia. Nilikuwa nimechoka kama mtu aliyeshusha gunia.

Leo amekuwa mkali. Anataka kwenda Njoro, anataka kumwambia mkewe, mchungaji, dunia nzima. Nilimwambia jambo hili ni langu, nikishakufa litakuwa lako, utaamua. Kwa sasa huyo mtu asikanyage hapa. Akampigia simu mbele yangu, akamwita Zakaria. Si Baba. Maneno machache, akakata.

Alhamisi, 26 Juni

Maumivu. Dawa imeongezwa. Moraa alikuja, nilimweleza Jumapili. Alitabasamu hadi akainamisha kichwa. Niliinua mkono mara moja tu.

Jumamosi, 28 Juni

Jua, la kwanza juma hili. Ninauona msitu wote hadi mgongoni mwa mlima.

Nyambura alileta komeo, alikuwa amelihifadhi kwenye gazeti pamoja na skrubu zake. Alitaka kumwita fundi alirudishe. Nilililaza kiganjani. Zito kuliko nilivyokumbuka. Nikamwambia aliache hapo dirishani, kwenye jua. Nikianguka wanifikie.

Mlango umeegeshwa tu. Nilisinzia mchana, usingizi mzito, mate mdomoni.

Sasa hivi Nyambura amebisha. Nasikia vikombe vikigongana kwenye trei, nasikia anavyobadilisha mguu, hasukumi. Nimemwacha asubiri kidogo, kwa raha tu ya kusubiriwa.

Kisha nikasema ingia.