Unga wa Korosho wa Baba Zuhura

Jumanne, 1 Julai

Blenda imekufa. Ilitoa moshi, ikanuka waya, basi. Korosho za leo zimegeuka siagi kama kawaida, nimezipaka kwenye bamia.

Kipimo cha asubuhi 8.4. Nzuri. Tangu Aprili nilipomwachisha mume wangu ugali, wali na mkate, sukari imeshuka kutoka kumi na tano. Kidonda cha dole gumba la mguu wa kushoto bado kinatoa maji lakini hakinuki. Nakiosha mwenyewe kila asubuhi. Daktari alisema sukari ikikaa chini kitapona, ikipanda mguu utakuwa mashakani. Hakupamba maneno na nilimpenda kwa hilo.

Baba Zuhura halalamiki. Anakula mchicha na dagaa na kimya chake. Ila jana aliuliza lini atashika tonge tena. Mtu wa miaka sitini na nane, anauliza tonge. Nilikasirika, kisha nikamwonea huruma, kisha nikakasirika tena.

Lazima nipate unga usio na wanga.

Alhamisi, 3 Julai

Mguu na njia tangu asubuhi. Mchafukoge kwa yule Mwarabu wa viungo kuna unga wa lozi kwenye pakiti ndogo kama ya majani ya chai. Alinionyesha kama anayeonyesha dhahabu. Nikamrudishia.

Nimerudi kwenye akili zangu. Mimi na Baba Zuhura ni watu wa Newala, lozi ya nini? Kariakoo nimechukua korosho zilizovunjika, na kwa mama wa nazi nimepata machicha, yale makapi yanayobaki akishakamua tui. Nayaanika kwenye sinia juu ya banda la kuku. Yakikauka yanakuwa meupe na mepesi. Nimewahi kuyatwanga kidogo, yanafaa. Hayana wanga wa kutisha.

Kazi ni kusaga. Mashine tatu za Msimbazi zimenikataa. Korosho ina mafuta, inaziba chekecheke, halafu mahindi ya wateja wengine yanatoka na mabonge. Mmoja alinicheka. Wa nne, Ilala huku huku, anaitwa Mzee Mkude. Mpole. Amesema nimwachie mfuko, atasaga mwisho kabisa wateja wakiisha, nichukue kesho yake. Alitaka kujua ni wa nini. Nikamwambia mgonjwa.

Jumapili, 6 Julai

Unga wa Mzee Mkude ni unga. Laini, mkavu, hauna mabonge. Nimesonga ugali, ukashikana. Ule wa blenda ulikuwa unatapakaa kwenye sahani kama uji uliokosewa, nikawa natia mayai mpaka yanachosha.

Una ladha ya nyumbani. Korosho za Newala, nimejisemea.

Baba Zuhura alikata tonge, akalibonyeza kwa dole gumba, akalitazama kabla ya kulitia mdomoni. Akasema, "Huu sasa ndio ugali." Nilitoka nje nikajifanya natafuta kuni. Situmii kuni.

Jumatano, 9 Julai

11.9.

Nimerudia kupima. 12.1.

Jumamosi, 12 Julai

13.6. Anakula mezani kwangu mara tatu kwa siku. Ninachompa nakijua punje kwa punje. Basi anakula pengine.

Kila baada ya alasiri huenda kijiweni, kona ya mtaa wa pili, wanacheza bao na kunywa kahawa. Pembeni pale kuna mama anakaanga chapati. Sihitaji kuambiwa zaidi.

Nimemuuliza. Amesema hajala kitu. Nimekagua mifuko ya kanzu. Nimenusa kikombe chake. Nimefika hata pa kumwambia afungue mdomo. Akafungua. Sikuona kitu, na aibu sikuiona pia. Naiandika hapa kwa sababu nilikuwa karani wa masjala miaka ishirini na sita na sijui kuacha jambo bila kuliandika.

Jumanne, 15 Julai

Nimemfuata. Nilikaa duka la kanga ng'ambo ya barabara nikijifanya nachagua. Saa nzima na nusu. Alikunywa kahawa vikombe viwili, chungu, bila kashata. Akashindwa bao. Akarudi.

Kesho atakula, nikajisemea. Leo kaniona.

14.0. Nimemwongezea ugali wa korosho ili ashibe asitamani vya nje. Dole limekuwa jekundu mpaka kwenye unyayo.

Jumapili, 20 Julai

Nimeita kikao. Shemeji Issa, mdogo wake, amekuja na wazee wawili wa ukoo kutoka Temeke. Binti yetu Zuhura alikataa kukaa, alibaki jikoni akigonganisha vyombo makusudi.

Nilisema yote. Nilisoma vipimo kwenye daftari, tarehe kwa tarehe. Nilisema ninaamka alfajiri kuanika machicha, navunjika mgongo kwa ajili ya mguu wake, na yeye anauuza mguu kwa chapati. Nilisema hivyo hasa.

Shemeji Issa akamwambia kaka, sema kweli, hapa ni kwenu.

Baba Zuhura alikuwa anaangalia lile dole lililofungwa. Kisha akasema, "Nimekula. Naomba radhi kwa Mama Zuhura na kwenu."

Wazee wakashukuru. Ikasomwa dua. Imekubaliwa hatoki tena kwenda kijiweni mpaka apone.

Nilijisikia nimeshinda. Sasa nikiwa peke yangu sijisikii hivyo sana, lakini nilikuwa na haki, na hilo linatosha.

Alhamisi, 24 Julai

Siku nne ndani. Hajakanyaga kizingiti. Kipimo 16.2.

Sielewi. Ugali anaumaliza wote, na mboga. Dole la pili limekuwa jeusi kwenye ncha. Leo linanuka. Tunaenda hospitali asubuhi.

Jumatatu, 28 Julai

Wamekata vidole viwili. Wamesema tumewahi, tungechelewa wiki ingekuwa wayo mzima. Niliwashukuru. Unamshukuru mtu aliyekukatia mumeo vidole, na unamaanisha.

Alipozinduka aliniuliza kama nimekula.

Jumamosi, 2 Agosti

Sukari imeshuka. 9.2 jana, 8.1 leo. Wodini anakula anachopewa na anachopika Zuhura, mboga za majani na samaki na yai, kwani mimi nashinda hapa na jikoni siingii. Nikamwambia Zuhura, unaona, hapa hana pa kuiba. Siku hizi ananiamkia shikamoo na kunyamaza.

Baba Zuhura ananitazama ninapoongea.

Alhamisi, 7 Agosti

Yuko nyumbani tangu Jumatatu. Kitandani. Hawezi kusimama bila kushikwa. Nimepika mwenyewe, ugali wangu, kisamvu, dagaa. Nilimpelekea mzigo mpya Mzee Mkude ili asikose.

Leo 13.3.

Kwa hiyo kuna mtu anamletea. Hapa ndani tupo watatu. Nikamwendea Zuhura. Nilimwambia unamuua baba yako kwa huruma za kipumbavu. Binti yangu hajawahi kunijibu vibaya. Leo alisema, "Mama, huyu mzee haibi. Hajawahi kuiba. Tafuta kwingine." Akajifungia.

Nina hasira sijui nimpe nani.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ndoo uani.

Nilikwenda kuchukua unga. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana, Mzee Mkude alikuwa hajasaga. Siku zote mimi huacha mfuko na kuondoka. Leo nikasema nitangoja. Umeme ukarudi saa nane. Alimaliza mahindi ya watu, akavuta mfuko wangu. Akamimina korosho na machicha kwenye beseni. Halafu akachota kwenye gunia lake la pembeni, vipande vyeupe, akamwaga juu. Bakuli la kwanza. La pili. La tatu. Akachanganya kwa mkono.

Nikauliza ni nini.

"Makopa, mama. Korosho haisagiki peke yake, mafuta yanaganda. Makopa yanakausha."

Tangu lini?

"Tangu siku ya kwanza. Wewe si ulisema una mgonjwa? Nikaona nikusaidie, sijakudai hata siku moja."

Alikuwa anatabasamu. Alidhani namshukuru.

Muhogo. Muhogo mkavu, nusu kwa nusu, mara tatu kwa siku, mtu wa sukari. Korosho nyeupe, nazi nyeupe, muhogo mweupe. Na mimi niliyekulia ugali wa makopa Newala nilionja nikasema ladha ya nyumbani. Nilikuwa sahihi. Ilikuwa ya nyumbani.

Sikumgombeza. Ningesema nini? Sikumwambia kamwe mgonjwa wa nini. Sikukaa kutazama, na mfuko uliporudi mzito zaidi sikujiuliza. Nilikuwa na haraka ya kurudi kumchunga mume wangu asiibe.

Jumapili, 10 Agosti

Unga wote nimewamwagia kuku. Nimempa samaki na mchicha. Amekula bila kuuliza ugali uko wapi.

Sijamwambia. Nilikwenda mpaka mlangoni mara nne. Mara ya nne akasema ingia, unataka nini. Nikasema nataka kufungua dirisha. Lilikuwa wazi.

Nimejaribu kufikiri kidonda kilikuwa cha zamani, vidole pengine vingeondoka tu. Daktari naye angeweza kusema hivyo. Najua ninachofanya. Najitafutia mlango wa nyuma. Sukari ilikuwa nane na kidonda kilikuwa hakinuki kabla sijapeleka ule mfuko.

Jumatatu, 11 Agosti

9.8. Siku moja tu bila ule unga.

Nimemwambia. Nilikaa chini kwenye mkeka, si kitandani. Nilianza na mashine, nikaeleza mafuta na makopa, nikaenda mbio kama mtoto anayekariri. Nikasema mimi ndiye niliyekuwa nakulisha. Nikasema nisamehe.

Nilidhani amekasirika na nilitaka akasirike.

Akasema, "Kwa hiyo sikula."

Nikamwambia hukula.

"Hata siku moja."

Hata siku moja.

Akashusha pumzi. Halafu akanieleza taratibu. Alisema alipokiri kikaoni alitaka tu kelele ziishe nami nipumzike. Lakini baadaye, sukari ilipozidi kupanda na yeye hatoki, alianza kuogopa. Kipimo hakidanganyi, alisema, na wewe huongopi, nikaona aliyebaki ni mimi. Alidhani anakula na kusahau. Usiku alikuwa akijipapasa mdomo akiamka, kuona kama kuna makombo. Wodini alifurahi kulazwa kwa sababu kuna watu wa kumwangalia.

Alisema hayo bila kunilaumu. Angenipiga kofi ningelala vizuri zaidi.

Jumatano, 13 Agosti

Nimempigia shemeji Issa. Nikamwambia awaite wale wazee, waje tena, nina la kusema mbele yao kama nilivyosema lile la kwanza. Akasema, "Shemeji, yamekwisha, ya nini kufukua." Nikamwambia mimi ndiye niliyefukua mara ya kwanza na hakuna aliyenizuia.

Wamekuja jioni. Nimesema. Mzee mmoja alisema mambo ya Mungu. Mwingine alitazama mguu. Baba Zuhura aliwakaribisha kahawa na kuzungumzia mpira.

Zuhura alikaa kikaoni leo. Baadaye aliosha vyombo pamoja nami. Hakuvigonganisha.

Jumatatu, 25 Agosti

7.9. Kidonda cha kukatwa kinafunga.

Natwanga mwenyewe. Kinu na mchi, machicha makavu kwanza, korosho kidogo kidogo, kisha nachekecha. Mikono imeota malengelenge. Unga unatoka wa chengachenga, unatapakaa kwenye sahani. Natia mayai. Si ugali. Anaula kwa kijiko.

Nilipita kwa Mzee Mkude nikamweleza. Alikaa juu ya gunia akavua kofia. Aliuliza kama angeweza kuja kumtazama mgonjwa. Nikasema aje. Sina moyo wa kumkataza mtu kuomba radhi.

Jumatano, 10 Septemba

7.2.

Leo amekwenda kijiweni mara ya kwanza. Kwa fimbo, Zuhura akimsindikiza mpaka kona. Nilimwambia akae atakavyo. Nilimaanisha. Sikwenda duka la kanga.

Amerudi kabla ya magharibi. Amechoka, lakini uso ni wa mtu aliyetoka kwa watu. Wamemfunga bao mara mbili. Wamempa na kahawa.

Akatia mkono mfukoni akatoa leso. Akaifungua mezani mbele yangu. Kashata mbili za karanga, nzima, kingo zote zipo. Akazigeuza upande wa pili ili nizione vizuri.

"Walinipa," alisema. "Nimekuja nazo."

Nikamwambia Baba Zuhura, moja ungekula tu, isingekudhuru. Akasema ndiyo, anajua. Akaenda kuvua kanzu.

Sikumwomba anionyeshe. Nimekaa hapa mezani na leso iko wazi, na sijui namna ya kuikunja.