Okemwa wa Kadi, na Ile Nafasi ya Pembeni

Okemwa, mwaka umezunguka tangu ulipotutoka, na msimu wa kadi za heri za watahiniwa umetukuta tena hapa Awendo. Uliondoka katikati ya msimu wako mkubwa, ukatuachia watu mlangoni wakiuliza kama kadi zao ziko tayari. Baba Bevy, tumechoka. Tunaanza na hilo kwa sababu wewe hukupenda watu wanaozungusha maneno.

Kalamu nimeachiwa mimi, mkeo Mong'ina. Mama yako amesema niandike kwa kuwa mimi ndiye niliyekaa nawe dukani. Ratemo, ndugu yako, amesema niandike kwa kuwa yeye akianza atalia. Asubuhi nauza ndizi sokoni, mchana nafungua duka lako, jioni miguu inawaka moto. Basi naandika nikiwa nimekaa kwenye kiti chako, kile chenye mto alioushona Mama.

Wasiokufahamu watauliza ulikuwa nani. Ulikuwa mtu wa kadi. Kadi za kununua zimejaa madukani, zina maua na maneno ya Kizungu, lakini wewe hukutaka mtoto aende kwenye mtihani akiwa na salamu za mtu asiyemjua. Ulikaa na kompyuta yako kuukuu na ile programu ya kuhariri picha, ukamkata baba wa mtu kutoka picha ya harusi, mama kutoka picha ya kanisani, nyanya kutoka picha ya simu yenye giza, ukawapanga wote nyuma ya mtahiniwa kana kwamba siku moja walisimama pamoja. Chini uliandika, "Sisi sote tuko nyuma yako." Ukachapisha kwenye karatasi ngumu na kuikunja kwa rula. Kukunja kwa kidole, ulisema, ni uvivu.

Halafu ile suti. Ratemo alipooa ulimpiga picha akiwa na suti ya bluu iliyokolea. Ukaikata suti peke yake, ukaihifadhi kwenye kompyuta, na tangu siku hiyo nusu ya wanaume wa Awendo wameivaa bila kuigusa. Nicanor, dereva wa lori la miwa, alikuwa anasimama mlangoni na jasho lake.

"Omera Okemwa, ndugu yangu, nivalishe ile suti. Msichana wangu asinionyeshe kwa marafiki nikiwa na vesti."

Ukamvalisha. Ratemo naye alikuwa analalamika kwamba suti yake imefika shule ambazo yeye mwenyewe hajawahi kufika.

Ijumaa jua likianza kushuka ulizima kompyuta, hata kama mteja amefika na machozi. "Sabato haina haraka," ulimwambia, kisha ukampa uji na kumwambia arudi Jumapili. Na ukisikia kuna mtahiniwa asiye na mtu wa kumtumia kadi, ulimtengenezea, na nyuma yake ukatuweka sisi: mimi, binti yetu Bevy na Mama. Hukutuuliza. Huko mabwenini kuna kuta ambazo tumebandikwa kama familia ya watoto tusiowajua hata kwa majina. Nilikuwa nakugombeza kwa hilo. Siku hizi nikikutana na msichana barabarani akinitazama sana, namsalimu tu, huenda mimi ni shangazi yake.

Nafasi ya pembeni ulifunzwa na dada yako Caren. Ulipotengeneza kadi ya mwana wa Ratemo ukamsahau yeye, alinuna, na nyumbani kwetu hakukanyaga mpaka mahindi yakapandwa, yakavunwa, yakapandwa tena. Tangu hapo kila kadi ya ukoo uliiachia nafasi tupu upande wa kulia, upana wa mtu mmoja. Mteja akiuliza mbona pale pako wazi, ulikuwa na jibu moja.

"Kuna mtu atakuja kesho aseme hakuwekwa. Hapo ndipo atakaa."

Na kweli walikuja. Shangazi wa watu alitoka Kisegi na picha yake ya kitambulisho ndani ya mfuko wa nailoni, amevimba kwa hasira, akaondoka akicheka kwa sababu alikuta amewekewa mahali pake. Ugomvi mwingi wa mji huu uliishia hapo pembeni, na wenyewe hawakujua.

Presha ilikushika ukiwa na mkasi mkononi. Tulikupeleka hospitali tukidhani Jumapili utafungua duka. Tulirudi na nguo zako. Zaidi ya hapo sina nguvu ya kuandika.

Mwaka huu mtahiniwa ni Bevy. Yuko shule ya bweni, karibu na Kendu Bay, na alipokuja likizo fupi ya katikati ya muhula hakuomba viatu wala pesa za matumizi. Alikuja dukani, akafuta vumbi kwenye kompyuta kwa kiganja.

"Mum, wasichana wengi wa dorm yetu bado wana kadi za Dad za kitambo. Wengine hata wananiuliza yangu itakuwa aje. Mimi nataka moja tu, na yeye awe ndani."

Nilimwambia atapata. Mdomo uliahidi kabla ya kichwa. Mimi kazi yangu dukani ilikuwa kupokea wateja na kukunja, ile programu nilikuwa naitazama juu ya bega lako tu. Na siku ya maombi ya watahiniwa ilikuwa inakuja, siku wazazi wanapokwenda shuleni kuwaombea watoto na kuwapa kadi zao. Nikiikosa, Bevy angeingia kwenye mtihani akijua kwamba baba yake alisimama nyuma ya watoto wa watu wote isipokuwa yeye.

Picha yako tuliitafuta tukachoka. Mtu aliyewapiga wengine maisha yake yote, nani alimpiga? Mwishowe Nicanor akaikuta moja kwenye simu yake. Umesimama mbele ya duka, jua limekupiga machoni, umevaa lile shati la kijani lenye doa la wino mfukoni. Nikasema moyoni, mume wangu hataingia kwenye kadi ya binti yake na wino. Nikaitafuta suti ya Ratemo.

Baba Bevy, kazi uliyokuwa unaifanya huku unapiga mluzi ilinimaliza. Nilikukata sikio, nikalirudisha. Nilipunguza shingo, ikapotea kabisa. Kichwa kilikaa juu ya suti kama cha kuazima. Nilipoona kimetulia kidogo nikamwita Bevy, naye akasimama nyuma ya kiti akitazama. Kisha akasema polepole.

"Mum, huyu si Dad. Hii ni suti ya Uncle Ratemo."

Akalia. Nami nikalia, na mteja aliyekuwa mlangoni akaondoka bila kusema alichotaka. Sauti zetu zikamfikia Mama yako uani. Alikuja na fimbo yake, akainama mbele ya kioo cha kompyuta, akakutazama ndani ya suti.

"Mvueni hiyo," akasema. "Mwacheni mwanangu na shati lake. Huo wino nimeusugua mimi mpaka vidole vikaisha, ukakataa kutoka. Ni wake."

Tukakuvua.

Bevy alirudi shuleni kadi ikiwa bado. Jumapili iliyofuata nikakaa tena kwenye kiti hiki, nikafungua picha ya mwisho uliyotupiga wote, hapa uani. Mama amekaa kwenye kiti. Caren amejiweka mbele kabisa asije akasahaulika. Ratemo yupo, Bevy yupo, nami nipo na kanga yangu ya sokoni kwa sababu hukunipa muda wa kubadilisha. Na pale kulia, nafasi tupu, nyasi na ua wa michongoma. Nakumbuka tulikucheka siku ile. Nilikuuliza, "Sasa nani tena amebaki? Si sote tuko?" Wewe ukafumba jicho moja nyuma ya kamera ukasema, "Acheni tu. Atakuja."

Nilikuleta pale na shati lako la kijani. Nilidhani nitahangaika na ukubwa, na kivuli, na mambo yale yote ya shingo. Sikuhangaika sana. Ulienea. Doa la wino likakaa karibu na bega la Mama. Nikaandika chini maneno yako yale yale, nikachapisha, nikakunja kwa rula.

Siku ya maombi tulikwenda Kendu Bay mimi na Ratemo. Bevy aliipokea kadi kwa mikono miwili, akaifungua, akatuhesabu kwa kidole kuanzia kwa Mama, taratibu, mpaka akafika kulia. Kidole kikasimama kwenye wino.

"Amefika," akasema.

Hakulia. Aliingia na wenzake kuombewa akiwa ameishikilia kifuani, na sisi wawili tulikaa kwenye nyasi tukiwangoja hadi walipotoka.

Sabato hii tutakaa kanisani pamoja na kumshukuru Mungu kwa maisha yako, kisha wote mnakaribishwa nyumbani kwetu Awendo kwa chakula. Nicanor ameahidi kuja na suti, safari hii ya kitambaa.

Wanaokukumbuka ni mama yako Bitutu, ambaye bado anakuwekea kikombe cha uji, mkeo Mong'ina, binti yako Beverlyne, mtahiniwa, ndugu yako Ratemo, mwenye suti, dada yako Caren, ambaye ameomba jina lake lisiachwe, na wateja wako wote, kuanzia Awendo hadi Kendu Bay na Kisegi.

Mwaka huu umetuchosha kwa mengi, Okemwa. Kukukumbuka hakujatuchosha, na hakutatuchosha.